WAYA WA GARI LETU: TUSIUNGEUNGE TENA



Jumamosi hii tunakutana kwenye mkutano mkuu, na jambo la tatu katika ajenda ni Land Rover yetu. Tunajua makundi yameshakuwa mawili. Wapo wanaosema liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, maneno yaishe. Wapo wanaosema aitwe fundi aunge pale palipoungua, mpunga uendelee kubebwa. Sisi wa ofisini tunakataa yote mawili, na tunaandika hapa ukutani mapema ili mtu asije kusema tulimshtukiza mkutanini.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Usiku ule tulikuwa tunatoka Misungwi, nyuma kuna watu kumi na mmoja na magunia. Kabla ya kufika Usagara taa kubwa zilififia, zikawa kama macho ya mtu mwenye usingizi, halafu moshi ukatoka chini ya dashibodi. Dereva alisimamisha gari, akafungua boneti, akang'oa kichwa cha betri kwa kutumia shati lake. Gari halikushika moto. Lakini mama mmoja, mwanachama mwenzetu, aliruka gizani kwa hofu ya kuungua, akaangukia mkono. Mkono ule haujanyooka hadi leo. Tunaomwona kisimani tunajua anabeba ndoo kwa mkono upi.

Hivi jamani, nani alaumiwe? Tulipofungua dashibodi tulikuta kwenye kisanduku cha fyuzi pamewekwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Tukakuta taa kubwa zinapata umeme kupitia waya wa spika ya redio, ule mwembamba wa rangi mbili. Fundi mmoja wa mtaani aliuweka, ni kweli. Lakini aliyesaini hati ya malipo ni sisi, na tulisaini kwa furaha kwa sababu alikuwa rahisi. Baada ya kazi yake tulicheka wote kwamba ukikanyaga breki, indiketa inakonyeza. Kumbe gari lilikuwa linatuambia kitu.

Tuliosoma madarasa ya kisomo tunaweza kupiga hesabu hii wenyewe, haihitaji mhandisi. Balbu ya taa kubwa ni wati 60. Betri ni volti 12. Sitini ukigawa kwa kumi na mbili unapata ampea 5. Taa ziko mbili, basi ni ampea 10 zinapita kwenye waya mmoja unaozilisha. Waya wa spika haukutengenezwa kwa mzigo huo. Ni sawa na kumbebesha mtoto wa darasa la pili gunia la mpunga: hatakataa, atakwenda nalo mpaka aanguke. Waya mwembamba ukizidiwa unapata joto, plastiki inayeyuka, shaba inagusa shaba, hapo ndipo moshi. Na fyuzi, ambayo kazi yake ni kukatika mapema ili waya upone, sisi tulikuwa tumeiziba kwa karatasi ya sigara!

Kadi ya gari inasema 1978. Ni Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na hili letu ni lile refu la inchi 109. Nyaya zake zilitoka kiwandani zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni, kila mmoja na rangi yake, na rangi zile si urembo. Waya wa kahawia unatoka kwenye betri na una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa dereva. Mweupe unapata umeme ukiwasha ufunguo. Wa kijani umeshapita kwenye fyuzi. Wa bluu ni wa taa kubwa, mwekundu ni wa taa ndogo, mweusi ni wa kurudisha umeme kwenye bodi. Anayejua rangi hizo anasoma gari kama anavyosoma barua. Sasa nendeni mkaangalie letu: mafundi wa miaka yote hiyo wameweka waya wowote waliokuwa nao siku hiyo. Barua yetu imefutwa maneno, na panya wa ghalani wamekula yaliyobaki.

Ndiyo maana tunasema kuunga tena ni kutupa pesa. Tunataka wayaringi yote itoke, iingie mpya, kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Iliyokamilika inaweza kuagizwa Uingereza, bado kuna wanaoitengeneza kwa magari haya ya zamani, lakini usafiri na ushuru vitatuumiza. Maoni yetu ni kwamba fundi umeme wa magari aitengeneze hapahapa Mwanza, mezani, akipima kwa ile ya zamani. Ila safari hii masharti yawe yetu, si yake.

Kabla hajakata waya hata mmoja, kila mwisho wa waya ufungwe kibandiko chenye jina: honi, stata, breki kushoto, breki kulia. Kazi hii tunaweza kuifanya sisi wenyewe kwa kalamu na plasta, jioni mbili tu. Tulijifunza kuandika tukiwa watu wazima, tukachekwa na watoto wetu, basi na tuandike. Nyaya mpya zifuate rangi za zamani, na unene wake upimwe kwa mzigo wake, si kwa bei yake. Kila pahali waya unapopita kwenye tundu la bati pawekwe raba, maana bati linakata taratibu kama msumeno. Taa kubwa zipewe rilei na fyuzi yake.

Waya wa kwenda nyuma unapita ndani ya chesisi, na hapo mafundi wengi huukwepa wakauning'iniza nje kwa kamba. Wavuvi wetu wametuonyesha njia nzuri kuliko hiyo. Funga kamba ya wavu kwenye waya wa zamani, uvute utoke upande wa pili, kamba itabaki ndani ikingoja kuvuta waya mpya. Mzee mmoja aliposikia akasema hivyo ndivyo wanavyopitisha kamba kwenye pindo la wavu tangu zamani. Yeye hajawahi kuendesha gari.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, chesisi ni chuma. Vyuma hivi viwili vikikutana na maji, na hewa yetu ya ziwani mnaijua, vinakulana. Umeme unaorudi kupitia bodi unakosa njia, ndipo breki inapokwenda kukonyeza indiketa. Kwa hiyo kila sehemu ya kufungia waya mweusi ikwanguliwe hadi ing'ae, ifungwe kwa nguvu, ipakwe grisi juu. Bila hilo hata nyaya za dhahabu zitatushinda.

Wanaosema tuuze wana hoja moja ya kweli, hatutaificha. Gari hili linakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi. Safari ya mtu mmoja kwenda mjini, bodaboda ni nafuu, na tunakubali ofisi iache kabisa kulitumia kwa hizo. Lakini bodaboda haibebi mpunga wa watu kumi, na mwenye fuso hapangi bei yake nasi. Injini bado ni nzima, chesisi haijaoza. Mnunuzi wa chuma chakavu ataipima kwa kilo kama sufuria bovu.

Fedha zitoke kwenye fungu la matengenezo, na kazi ikiisha mchoro wa nyaya zote ubaki ndani ya jalada hapa ofisini, ili fundi wa kesho asianze kubahatisha. Gari lisitoke usiku kabla dereva na wajumbe wawili hawajaliwasha taa zote kwa nusu saa na kushika nyaya kwa mkono kuona kama zina joto.

Na kabla ya ajenda hiyo ya tatu tutaomba mkutano upitishe jambo moja ambalo halimo kwenye barua ya mwaliko: gharama za matibabu za yule mama zirudishwe na ushirika. Hajadai. Amekaa kimya, na sisi tulikaa kimya naye.

Kipande kilichoungua tumekitundika ukutani ndani ya ghala, karibu na mizani. Funguo ziko kwa mtunza ghala. Njooni mkione kabla ya Jumamosi, mkishike.

Katibu