Bakteria wa Ruiru

Ukimwambia mtu wa Ruiru kwamba mji wake umo ndani ya tembe ya kisukari ya Wajerumani, atakucheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikasoma. Dawa ni akabosi, Bayer wanaiuza kwa jina Glucobay. Inatengenezwa na bakteria, Actinoplanes SE50, na ripoti moja ya 2006 ikasema bakteria huyo alitoka "Ziwa Ruiru". (Ziwa gani? Sisi tunajua bwawa.)

Sasa ongeza hii. Mwaka 1987 Mmarekani Michael Zasloff alichapisha habari za chura wa Afrika, Xenopus laevis. Alikuwa akiwapasua, anawashona, anawarudisha kwenye maji machafu, na vidonda vinapona bila usaha. Kumbe ngozi ya chura inatoa peptaidi, vipande vifupi vya protini vinavyotoboa utando wa bakteria. Ikatoka dawa ya kupaka, peksiganani, ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1999 Marekani wakaikataa; haikuonekana kuzishinda antibiotiki zilizokuwepo.

Babangu ana kidonda hicho. Kila Jumanne tunapanda matatu pale Thika twende kikaoshwe, na antibiotiki mbili tayari zimegonga mwamba. Hizo "zilizokuwepo" ndizo nimewahi kununua kwa kemisti bila karatasi ya daktari, vidonge vinne vinne, kama peremende. Na wewe pia umenunua.

Wala msiniletee ile hadithi ya dawa za mababu. Hakuna aliyepona kwa kupakwa chura. Peptaidi huvunjwa haraka mwilini, nyingine zinaumiza seli zetu wenyewe, na kuzitengeneza ni ghali. Hii ni kazi ya maabara, miaka na miaka.

Tangu 2006 tuna kanuni: anayetaka viumbe vyetu apate kibali cha NEMA na akubali kugawana faida. Sawa, geti lina askari. Ndani kuna nini? Niliacha chuo mwaka wa tatu (karo, usiulize), na kabla sijatoka bakteria tuliowatenga muhula mzima kutoka kwa udongo waliharibika wikendi moja, stima ilipopotea. Hakuna aliyekuwa ameandika walitoka wapi. Mjerumani alikuwa na namba ya wake.

Kwa hivyo kabla hamjalia tena kuhusu wizi, nunueni jenereta ya friji. Na daftari.