Nati ikigoma, ibembeleze!

Wiki hii mwenzenu nilichemsha pale Kibiti. Nimetoka Nyamisati, kule wanakopandia boti ya Mafia, pikipiki imejaa matope ya mikoko na maji chumvi. Breki ya mbele ikawa inashika ikijisikia. Nikasema pedi nabadilisha mwenyewe, fundi wa nini?

Kumbe bolti zimeganda! Chuma na aluminiamu vikilowa maji chumvi vinalana, vinashikana kama ndoa ya mkeka. Nikakaza msuli, spana ikateleza, kichwa cha bolti kikawa duara, vidole vikachubuka. Mshikaji akasema, “Twende, ya nyuma si ipo?” Thubutu! Barabara ya Kilwa ina malori, na nyuma nambeba mama watoto.

Nikanywea, nikamfuata fundi, mzee wa makamo. Akacheka: “Mwanangu, hiyo bolti, siyo mnazi.” Akasugua kutu kwa brashi ya waya, akafunika diski kwa kitambaa, akadondoshea oili shinani. Tukaiacha ilale. Asubuhi akagonga taratibu, akaikaza kidogo kwanza, ndipo akaifungua, mbele nyuma, mbele nyuma. Ile ya duara akaigongea boksi ndogo ikang'ata. Moto hakutaka, kuna mpira na mafuta ya breki. Tukafunga bolti mpya.

Ukitoka delta, osha pikipiki kwa maji baridi. Breki kwanza, mbwembwe baadaye. Tchao!