Barua ya siku moja isifunge mpaka

Machi 5, 2021, barua ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha mara moja uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Sababu ilikuwa sumukuvu. Malori yaliyokwisha kupakiwa yakakwama mpakani. Siku chache baadaye katazo likaondolewa, lakini kwa masharti mapya: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha asili pamoja na cheti cha vipimo.

Kenya haiko peke yake. Mwaka 2023 Tanzania ilikaza utaratibu wa vibali vya kusafirisha mazao nje, na malori ya nafaka yakapanga foleni. Aprili 2025 Tanzania hiyo hiyo ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, ikijibu vikwazo vya nchi hizo dhidi ya mazao yake, kisha ikalegeza siku chache baadaye kupisha mazungumzo.

Hakuna anayebisha kwamba serikali ina wajibu wa kulinda walaji. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Anayeuza mahindi mabovu hastahili kutetewa.

Lakini katazo la ghafla halitenganishi mahindi mabovu na mazuri. Linamwadhibu aliyekausha vizuri sawa na aliyepakia mabichi. Tena, nafaka yenye unyevu ikikaa siku kadhaa chini ya turubai huota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Hivyo hatua iliyokusudiwa kuzuia sumu inaweza kuiongeza. Wakati huo huo dereva anadai posho, mwenye lori anadai kodi ya kila siku ya ziada, na mkopo wa mtaji unaendelea kuzaa riba. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Mambo matatu yanawezekana bila kuvunja sheria ya nchi yoyote. Kwanza, kanuni mpya itangazwe kabla ya kuanza kutumika, na mzigo uliokwisha kuingia njiani upimwe, usizuiwe. Pili, cheti cha maabara inayotambuliwa upande mmoja kikubaliwe upande wa pili. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari zina kiwango kimoja cha mahindi: unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 katika bilioni. Kupima mara mbili kwa kipimo kile kile ni kumtoza mfanyabiashara mara mbili. Tatu, matangazo yabandikwe vituoni kwa Kiswahili, lugha inayosomwa na wanaopakia na wanaopakua.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Mahindi yapimwe unyevu shambani au ghalani, kabla ya kulipia lori. Mapatano na mnunuzi yaandikwe, yakieleza nani atabeba gharama mpaka ukifungwa. Mtaji wote usiwekwe kwenye safari moja. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, atumie cheti rahisi cha asili kinachotolewa hapo hapo mpakani, badala ya kupita njia za panya, ambako mzigo hauna karatasi na mwenyewe hana mtetezi. Na anayezuiwa bila sababu ya maandishi apeleke malalamiko kupitia chama chake, kwani tangu 2017 Jumuiya ina sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Sheria isiyodaiwa hubaki kabatini.

Soko la pamoja lilianza Julai 2010. Mkulima wa Mbozi na msagaji wa Nairobi wanahitajiana leo kama walivyohitajiana wakati huo. Wanachokosa ni uhakika kwamba sheria iliyokuwapo lori lilipoondoka ndiyo watakayoikuta litakapofika.