Jua la Ol Njorowa Lisikudanganye
Wakazi wa Nairobi wapendao kutembea wikendi hawachoki kulisifu korongo la Ol Njorowa, katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Nami nalisifu: kuta za mwamba zilizochongwa na maji, vipenyo vya mtu mmoja mmoja, chemchemi za maji moto. Ila pale ni njia ya maji kabla ya kuwa njia ya watu. Mvua ikinyesha juu, mbali na macho yako, mafuriko hukukuta umesimama juani. Aprili 2012 yaliua watu saba. Septemba 2019, saba tena. Ulizeni langoni ni wapi palipo wazi, na mwelekezi akikataa kushuka, msimwongezee pesa. Rudini.