Gesi ya Lindi, chopa na daftari la saa: kijana wa Mchinga achague lipi?

Kila mjadala wa gesi ya Lindi ukianza, vijana wa Mchinga, Kilwa na Mtwara wanauliza swali moja tu: ajira ziko wapi? Wanatajiwa uchomeleaji, udereva, upishi, ulinzi. Sawa, zote ni kazi za halali. Ila kuna moja haitajwi kabisa, wakati ndiyo inayopita juu ya vichwa vyetu na kelele zake: kurusha helikopta. Leo tuiongelee hiyo, tena tuanzie pale ambapo wengi hawaanzii, kwenye daftari.

Wengi wetu chopa tuliijua kwenye siasa. Mwaka 2005 Freeman Mbowe alizunguka nayo kwenye kampeni, viwanja vikajaa. Wengine sera hata hawakuzisikia, walifuata chopa. Lakini pwani ya kusini kazi yake ni nyingine. Kuanzia 2010 gesi iligunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari, mbali kabisa na ufukwe. Mwaka 2012 Statoil, ambayo sasa inaitwa Equinor, ikatangaza kisima cha Zafarani, chini ya maji ya zaidi ya mita 2,000. Huko mtu hapelekwi kwa ngalawa. Enzi hizo za kuchimba, wafanyakazi walikuwa wakirushwa na helikopta kutoka uwanja wa Mtwara.

Halafu uchimbaji ukapoa, yakabaki mazungumzo. Juni 2022 serikali ilisaini mkataba wa awali na Equinor na Shell kuhusu mtambo wa kusindika gesi, eneo likiwa Likong'o, jirani kabisa na Lindi mjini. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni dola bilioni 42. Lini utaanza kujengwa, hiyo ni longolongo ya miaka, tuiache. Hata bila gesi chopa ina kazi huku. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga na mabasi yakakwama. Siku kama ile ndiyo unaelewa kwamba chopa si pambo la matajiri.

SAA NDIYO MTAJI

Fundi seremala anaulizwa: umetengeneza nini? Rubani anaulizwa: una saa ngapi? Cheti peke yake hakitoshi. Viwango vya dunia vya ICAO, ambavyo ndivyo msingi wa kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), kwa upande wa helikopta vinasema hivi:

- Leseni ya rubani binafsi: umri miaka 17, saa 40, au 35 ukisoma kozi iliyoidhinishwa.
- Leseni ya biashara, yaani ya kulipwa: umri miaka 18, saa 150, au 100 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake lazima ziwemo saa 35 ambazo wewe ndiye mwenye amri ya chombo, na kati ya hizo 10 ziwe za safari ya masafa, kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa njia uliyoipanga.
- Leseni ya juu kabisa: umri miaka 21, saa 1,000, zimegawanywa kwa mafungu: za usiku, za masafa, za kuruka kwa kutegemea vifaa tu.

Hapo bado kampuni za mafuta hazijaweka masharti yao, ambayo huwa juu ya hayo ya serikali. Sasa hesabu. Tuseme saa moja ya mafunzo ni dola 400. Saa 100 ni dola 40,000, hujala, hujalala, hujapanda basi. Na hela yote hiyo ikishachomwa angani, kinachobaki mkononi kuthibitisha kwamba ulichoma ni maandishi kwenye daftari. Marubani wenyewe wanaliita logibuku. Likipotea, au likiwa na makosa, kuzithibitisha upya zile saa ni kazi ya kubembeleza chuo, mwalimu na mwenye chopa. Ndiyo maana nasema kuchagua daftari si suala la jalada zuri.

CHOPA SIYO NDEGE YA MABAWA

Hapa ndipo vijana wengi wanaweza kuingizwa mjini. Madaftari mengi yanayouzwa yametengenezwa kwa ajili ya ndege za kawaida, na hesabu ya saa siyo moja. Ndege ya mabawa inahesabiwa tangu inapoanza kusogea ili iruke, mpaka inaposimama mwisho wa safari. Helikopta inahesabiwa tangu mapanga yanapoanza kuzunguka mpaka imeshatua na mapanga yamesimama.

Mfano: mapanga yameanza kuzunguka, mmekaa chini dakika 5 mnapasha injini, mkaruka dakika 20, mkatua, ikapita dakika 5 mpaka panga likasimama. Umeingiza dakika 30, siyo 20. Kwenye safari 100 tofauti hiyo inafika saa 16 na zaidi. Na usidanganywe na mita iliyomo ndani ya chombo. Kwenye baadhi ya chopa za mafunzo mita inaanza kuhesabu pale mkono wa kunyanyulia unapoinuliwa tu, kwa sababu imewekwa kwa ajili ya matengenezo na malipo, siyo kwa ajili ya leseni yako. Chuo kinaweza kukutoza kwa mita wakati daftari lako linahesabu mapanga. Muulize mwalimu siku ya kwanza: hapa tunaandika saa ipi, na kanuni ya nchi iliyotoa leseni inasemaje?

SASA LIPI?

Sokoni kuna makundi mawili makubwa. Ya Kimarekani, kama ya ASA na Jeppesen, yamepangwa kwa kanuni za Marekani na yana safu ya safari za masafa. Ya mtindo wa Ulaya, kama ya Pooleys ya Uingereza, yana safu nzuri za mahali na muda wa kuondoka na kufika, rubani mmoja au wawili, injini moja au zaidi, mchana na usiku. Ila mpangilio wa kawaida wa Ulaya hauna safu ya safari za masafa, na tumeona leseni ya biashara inazidai. Kwa hiyo ukichukua la Ulaya, tafuta lenye safu tupu unazoweza kuzipa jina mwenyewe. Kipimo changu ni hiki:

Moja. Anza na leseni, usianze na duka. Unataka kuruka Tanzania? Soma kwanza kanuni za TCAA, orodhesha saa zinazodaiwa, halafu angalia kama kila fungu lina safu yake. Ukisomea Afrika Kusini au Marekani kisha ukarudi, hayo mafungu ndiyo yatakayokaguliwa mezani.

Pili. Liwe na angalau safu tatu tupu. Kijana anayelenga kazi ya baharini atahitaji siku moja kuonyesha ametua mara ngapi juu ya meli au jukwaa la kuchimbia. Wa kuzima moto au kujenga minara atahitaji saa za mzigo wa kuning'iniza. Daftari la ndege ya mabawa halina habari na hayo.

Tatu. Liwe limeshonwa, siyo la gundi, na jalada gumu. Unyevu na chumvi ya pwani yetu mnaijua, hata daftari la shule linafumuka kabla ya muhula kuisha. Wino uwe usiochuja maji.

Nne. La karatasi au la kwenye simu? Programu kama ForeFlight na LogTen zinajumlisha zenyewe, hazikosei hesabu. Lakini nyingi ni za kulipia kila mwaka, na simu inaibiwa. Ushauri wangu kwa anayeanza: karatasi ndiyo iwe ya msingi, yenye sahihi ya mwalimu na muhuri wa chuo. Kila ukijaza ukurasa, ingia kafe, skani, jitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Gharama yake ukilinganisha na dola 40,000 ni kama bure.

NAMNA YA KUANDIKA

Sisi Waswahili tuna tatizo letu ambalo Mzungu hana: saa. Chopa ikiwasha pale Lindi saa 4:00 asubuhi yetu, saa ya mkononi inasoma 10:00, na saa ya dunia ambayo usafiri wa anga unaitumia, UTC, ni 07:00. Chagua moja, andika ukurasa wa kwanza kwamba unatumia ipi, na usibadilishe. Wengi hutumia UTC.

Kuna mtego mwingine wa nukta. Dakika 6 ni 0.1 ya saa. Saa moja na dakika 24 inaandikwa 1.4. Saa moja na nusu ni 1.5, siyo 1.30. Ukichanganya mitindo miwili kwenye ukurasa mmoja, jumla yako haiaminiki tena. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina lako. Usifute, usipake rangi nyeupe. Mkaguzi akiona rangi nyeupe anaanza kutafuta ulichoficha.

Na usiingize saa za kalamu, yaani saa zilizoruka juu ya meza. Kila safari ina kumbukumbu yake sehemu nyingine: kitabu cha chombo, rekodi za chuo, mnara wa uwanja, stakabadhi za mafuta. Siku ya usaili wa kazi wanalinganisha.

Madhara ya karatasi zisizoaminika hayaishii kwa mtu mmoja. Mei 2020 ndege ya PIA ilianguka Karachi, Pakistan, wakafa watu 97 waliokuwamo. Mwezi uliofuata waziri wa anga akaliambia bunge kuwa marubani 262 walikuwa na leseni zenye mashaka, shutuma kubwa ikiwa ni kufanyiwa mitihani. Baadhi yao baadaye walionekana hawana kosa, lakini jina la nchi lilikuwa limeshachafuka: Ulaya iliifungia PIA kuanzia Julai 2020, na kifungo kikaondolewa Novemba 2024. Na sisi tusicheke. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaingiza mashirika yote ya ndege yenye cheti cha Tanzania kwenye orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga yake. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upungufu wa wataalamu wenye sifa na usimamizi usiotosha. Nchi ikiwa kwenye orodha ya namna hiyo, daftari la Mtanzania litasomwa na miwani miwili.

NANI ATALIPIA HIZO SAA?

Sasa tuje kwenye siasa yenyewe. Tuna Sheria ya Petroli ya 2015, na kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za 2017 ambazo zinataka kampuni ziwe na mpango wa kuajiri na kufundisha wazawa. Vizuri sana kwenye karatasi. Lakini kampuni inaweza kutangaza nafasi ya rubani, ikasubiri, ikasema kweli kabisa: Watanzania waliojitokeza hawakufikisha saa. Ataletwa mgeni, na hakuna sheria iliyovunjwa. Bila kazi hupati saa, bila saa hupati kazi. Kuku na yai.

Wapo watakaosema halmashauri itoe, maana ya Kilwa imekuwa ikipokea ushuru wa huduma kutokana na gesi ya Songo Songo. Mimi sikubaliani. Dola 40,000 kwa kijana mmoja, wakati kuna zahanati hazina mkunga na shule hazina madawati, wazazi watapiga kelele na watakuwa na haki. Mzigo huu ni wa mwenye mradi, na muda wa kumdai ni kabla ya mkataba kufungwa. Ukishafungwa unabaki kuomba fadhila.

Kwa hiyo kampuni inapoleta mpango wake wa mafunzo, wabunge na madiwani wetu wasiridhike na neno "vijana 20 watafundishwa". Waulize kama mkaguzi wa daftari: wangapi watasomea chopa? Saa ngapi kwa mwaka, kwenye chopa ya injini moja au mbili? Ngapi akiwa na mwalimu, ngapi akiwa rubani msaidizi, ngapi akiwa na amri? Kiti cha rubani msaidizi kitawekwa kwa ajili ya Mtanzania tangu safari ya kwanza? Mpango usiojibu hayo ni changa la macho, hata ukiwa na picha za rangi.

Na wewe mdogo wangu uliye kidato cha nne pale Mchinga, daftari usinunue leo. Komaa na fizikia, hesabu na Kiingereza. Ukipata mfadhili au mkopo, kapime afya ya daraja la kwanza KABLA ya kulipa ada, maana macho au moyo vikikukatalia leseni ya biashara, ada hairudi. Ukifika chuoni, waonyeshe safu unazozitaka, wakuambie wao wanatumia lipi na kwa nini.

Naomba kuwasilisha. Mwenye kumjua rubani wa chopa aliyetokea Lindi au Mtwara amwambie aje hapa chini atueleze saa zake 100 za kwanza alizipata vipi, na nani alilipa.