Marejeo Si Mapambo

Wapo wasomi wenzangu wanaodhani kwamba kufundisha urejeleaji wa vyanzo ni kufundisha mahali pa kuweka mabano, nukta na mwaka. Nawapinga. Mwanafunzi aweza kuyapanga marejeo yake bila dosari, ilhali hajafungua hata kitabu kimoja kati ya alivyovitaja. Majina ameyanyakua katika tasnifu ya mwingine. Huo nao ni udanganyifu, tena uliovaa joho.

Kwetu jambo hili huchukuliwa kuwa ugomvi mdogo wa darasani. Nchini Ujerumani, mwaka 2011, Karl-Theodor zu Guttenberg alijiuzulu uwaziri wa ulinzi baada ya Chuo Kikuu cha Bayreuth kumvua udaktari, kwa kuwa tasnifu yake ilijaa maneno ya watu asiowataja. Miaka miwili baadaye aliondoka Annette Schavan, waziri wa elimu (naam, wa elimu!), baada ya chuo chake cha Düsseldorf kumvua udaktari alioupata mwaka 1980. Miaka 33 haikumwokoa.

Tasnifu zetu, je, nani huzifungua? Hulala maktabani, mwandishi akapanda cheo, na takwimu ambayo hakuna ajuaye ilikotoka ikaingia katika andiko la sera linalopanga dawa za zahanati. Mtumishi wa umma unayesoma haya, ukiletewa takwimu isiyo na chanzo, irudishe. Nanyi wanafunzi, tunapotaja vitabu mihadharani, tuulizeni bila woga: ukurasa wa ngapi?