"Si Saratani" Isiwe Kauli ya Mwisho

Miongoni mwa maradhi ya taya upo uvimbe ambao wataalamu huuita ameloblastoma. Asili yake ni chembechembe zinazohusika na kujenga gamba gumu la jino. Huota zaidi katika taya la chini, hukua polepole, na kwa kawaida hauumi. Kwa kuwa hauumi, mgonjwa huvumilia hadi meno yanapolegea na uso kupinda.

Afikapo hospitali huambiwa kuwa uvimbe huo si saratani. Kauli hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Uvimbe huu hupenya ndani ya mfupa kupita pale unapoonekana. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi. Ndiyo maana madaktari huukata pamoja na kiasi cha sentimita 1 au zaidi ya mfupa mzima unaouzunguka. Hata hivyo, huweza kurudi katika miaka 5 ya kwanza, au hata baada ya miaka 10. Mara chache sana hugeuka saratani, na ule uliorudi mara kwa mara huweza kufika hadi mapafuni.

Basi tiba haiishi siku nyuzi zinapotolewa. Mgonjwa hana budi kuchunguzwa kwa miaka mingi. Hapo ndipo Mafia inapotofautiana na Dar es Salaam. Mtu wa Jibondo hupanda chombo hadi kisiwa kikubwa, akafika Kilindoni, akavuka bahari hadi Nyamisati, kisha akashika njia ya Muhimbili. Je, ni haki kumwita mzembe mkulima au mvuvi anayeshindwa kufunga safari hiyo kila mwaka, hali hasikii maumivu yoyote?

Lawama hazitamponya. Kinachotakiwa ni utaratibu: jina lake liandikwe katika daftari la wilaya, tarehe ya kurudi ijulikane, achunguzwe kwanza kisiwani, na mwenye dalili asaidiwe kuvuka. Mwalimu aonaye shavu la mwanafunzi limevimba bila maumivu amwite mzazi mapema. Mkuu wa kazi asimnyime ruhusa mtumishi anayekwenda kuchunguzwa kwa sababu tu anaonekana mzima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ugonjwa huu, ukuta wenyewe ni taya la binadamu.